Vibao Saba vya Pwani ya Kwetu

Habari ilimkuta Dada Mkubwa ameshika pembe mbili za shuka. Pembe nyingine mbili alizishika Mama Pacha, aliyefanya kazi naye kwa miaka kumi na sita katika chumba cha kufulia cha hospitali. Walikuwa wanalivuta shuka lile ili linyooke kabla ya kupita kwenye pasi kubwa ya mvuke. Simu ililia ndani ya mfuko wa aproni. Kanuni ya kazini ilikataza simu, lakini mdogo wake alikuwa amelalamika kifua wiki nzima, kwa hiyo alikuwa nayo. Aliibana kati ya sikio na bega, mikono haikuacha shuka.

"Dada, ni mimi Roli, wa karakana."

"Roli, sema haraka, nina mzigo wa wodi mbili hapa."

"Patasi ameanguka, dada. Kwenye ngazi."

"Ameumia wapi?"

Nyuma ya Roli zilisikika sauti za watu wengi wakizungumza kwa pamoja, na mtu mmoja akisema mfunikeni, mfunikeni.

"Hajaumia, dada," Roli akasema. "Ametutoka."

Dada Mkubwa aliiacha simu idondoke kwenye rundo la foronya. Akamwambia Mama Pacha, "Lete pembe zako." Mama Pacha, aliyekuwa amesikia kila kitu, akasogea, pembe kwa pembe, wakalikunja shuka lile mara moja, mara mbili, mara nne, likawekwa juu ya mengine. Ndipo Dada Mkubwa akaketi juu ya mashuka machafu, ambayo kila siku alikuwa akiwagombeza wasichana wa zamu wasiyakalie, akasema, "Ee Mungu wangu, ndiyo kwanza Jumanne."

Patasi ni jina ambalo mdogo wake alipewa na wenzake wa karakana, na hata nyumbani likamganda. Alikuwa mtu mfupi, mwenye vidole vigumu kama mizizi ya tangawizi, na tabia ya kupuliza kila kitu anachokishika kana kwamba kina vumbi la mbao. Alipuliza kikombe kabla ya kunywa. Alimpuliza hata mtoto wa jirani usoni alipopewa ampakate. Kazi yake kwa miaka ishirini na saba ilikuwa kuchonga vibao vya picha. Picha ya rangi saba inataka vibao saba, na kila kibao kinabeba rangi yake moja: hiki mchanga, hiki majani, hiki maji. Mchongaji anaondoa mbao yote isiyotakiwa, anaacha ile inayotakiwa kupakwa wino, kisha mpiga chapa, ambaye ndiye Roli, anaikandamiza karatasi moja juu ya vibao vyote saba kwa zamu. Kibao kikihama hata kwa unene wa kucha, rangi zinapishana na picha inakuwa takataka. Na kwa kuwa karatasi inalalia kibao, kila kitu hutoka kimegeuka, kulia kunakuwa kushoto. Kwa hiyo mchoro hubandikwa kwenye mbao kifudifudi, mchongaji akachonga kinyume ili picha itoke sawa. Patasi alijua hayo kama anavyojua njia ya chooni kwake. Katika kazi za watu hakuwahi kukosea hata mara moja.

Alikosea picha ya kwao.

Nyumbani walikozaliwa yeye na dada yake kulikuwa pwani, kijiji kidogo juu ya ghuba. Hakipo tena. Serikali ilipatwaa mahali pale kwa ajili ya matangi ya mafuta wakati Patasi ana miaka kumi na minane, watu wakapakiwa na magodoro yao, na rasi yenyewe ikalipuliwa ili meli zipite. Mama yao alihamia mjini na watoto wake wawili, akaishi miaka mingi katika nyumba ambayo madirisha yake yalitazama ukuta wa ghala. Hakuwa mtu wa kulalamika. Alichokuwa anasema ni kimoja tu, tena akishashiba: "Laiti ningeiona pwani yetu mara moja tu kabla sijaitwa."

Basi Patasi akaamua kumtengenezea. Hakuchukua mchoro wa mtu. Hakuchora hata kwenye karatasi, kwa sababu nani anahitaji karatasi kukumbuka mlango wa mama yake? Alikaa na mbao tupu akachonga moja kwa moja kutoka kichwani: rasi iliyolala kama ng'ombe anayecheua, kisima, miti mitatu ya mivinje, nyumba yenye bati la kutu, njia ya kushukia mchangani. Wenzake walisema siku zile alikuwa anachonga huku akiimba nyimbo za kanisani, tena zile za furaha. Alichonga kama anavyoona. Na kwa kuwa alichonga kama anavyoona, Roli alipopiga chapa ya kwanza, pwani nzima ilitoka imegeuka.

Roli alisimulia baadaye kwamba Patasi aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu, halafu akaketi sakafuni. Alimwomba bosi mbao nyingine aanze upya. Bosi, mwenye karakana, alikuwa ameshaipenda. Hoteli moja ilikuwa inataka picha za bahari kwa vyumba vyake.

"Upya wa nini?" bosi aliuliza. "Nani atakwenda huko kupima rasi iko kushoto au kulia? Si ulisema imelipuliwa? Malizia."

Akamalizia. Zikapigwa nakala mia mbili, na kwenye kona ya kila moja, kwa penseli, bosi akatia sahihi yake. Ndiyo desturi ya karakana ile: anayetia sahihi ni mwenye karakana, wengine ni mikono.

Patasi alipata nakala moja, akampelekea mama. Dada Mkubwa alikuwepo siku hiyo. Mama aliisogeza karatasi, akaisogeza mbali, akavua miwani, akaivaa.

"Mwanangu, hapa ni wapi?"

"Kwetu, mama."

"Kwetu?" Alikunja uso. "Kwetu rasi ilikuwa mkono wa kulia wa mtu anayetoka mlangoni. Hii iko kushoto. Na kisima kimehamia kwa jirani. Yule mwanamke alikitaka siku zote, naona hatimaye amekipata."

Patasi alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyagwa. Akaishika karatasi, akaipeleka dirishani, akaigeuza. Ilikuwa karatasi nyembamba, na wino ulikuwa umepenya. "Itazame kwa nyuma, mama. Kwa nyuma iko sawa."

"Nipaone kwetu kwa mgongoni, kama mwizi anayechungulia?" Mama akairudisha mezani. Kidole chake kikatua kwenye kona. "Na hili jina ni la nani?"

"La bosi."

"Kwani bosi naye alizaliwa kwetu?"

Mama alifariki miezi mitatu baada ya siku hiyo. Hakuitaja tena picha ile, lakini Dada Mkubwa aliitaja. Aliitaja siku ya tatu ya msiba, mbele ya shangazi na majirani, mdogo wake akiwa amebeba sinia la vikombe. "Mama alikuomba kitu kimoja tu, ukaenda kuwauzia watu baki nyumbani kwetu, tena kinyumenyume. Ungemwacha na kumbukumbu zake." Patasi aliliweka sinia chini polepole, akatoka. Dada Mkubwa hakukanyaga karakana kwa miaka tisa.

Lakini hawakuacha kuonana. Alikuwa mdogo wake wa pekee, na mtu haachi kumwona ndugu yake wa pekee kwa kununa. Kila Jumapili baada ya ibada Dada Mkubwa alipita chumbani kwa Patasi na bakuli la chakula, na kila Jumapili alimkuta ameinama dirishani, chembechembe za mbao zimemjaa mapajani. Alikuwa anaichonga pwani upya. Safari hii alianza na karatasi, akaibandika kifudifudi kama sheria inavyotaka. Mbao alizipata kwa maseremala, vipande walivyobakiza, akavichagua kimoja kimoja, na kwa kuwa siku za kazi mikono yake ilikuwa ya bosi, ilimbakia Jumapili.

"Siku ya Bwana unachonga mbao?" Dada Mkubwa alimuuliza.

"Bwana mwenyewe alikuwa seremala, dada."

"Siku ya ibada alikuwa kwenye ibada, si kwenye randa! Usinichezee."

"Namchongea mama."

"Mama yuko mbele za Mungu. Haoni vibao."

"Basi nakuchongea wewe," alisema, akapuliza mbao. Dada Mkubwa akaweka bakuli kwa kishindo na kwenda zake. Usiku na asubuhi alimwombea aache. Aliyaomba maombi hayo kwa miaka tisa, na baada ya Jumanne ile hakujua ayarudishe vipi.

Jumapili ya mwisho alimkuta amekaa mikono mitupu. Alikuwa anajikanda kifua. "Vimekwisha," alimwambia. "Vyote saba. Nimevijaribu kimoja kimoja kwa wino mweusi, vinakubali. Jumamosi bosi hayupo, mimi na Roli tutapiga moja. Uje. Nataka uwe wa kwanza kuiona. Rasi iko kulia."

"Nitakuja Mungu akipenda," alisema dada mtu. Kisha, kwa sababu moyo wake ulikuwa bado na donge, akaongeza, "Kama hakitahama kisima."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia.

Jumatano asubuhi alifungua chumba cha marehemu kwa ufunguo aliopewa na mwenye nyumba. Mazishi yalipangwa Jumamosi, siku ileile ya miadi yao. Alikuwa ameshaamua: picha itapigwa kabla mdogo wake hajaingia ardhini, naye ataiona, na atamwambia, hata kama ni kwa maiti, kwamba rasi iko kulia. Hakutaka kitu kingine chochote. Nguo aliziacha kwa yeyote atakayezihitaji.

Vibao vilikuwa chini ya kitanda, vimeviringishwa kwenye magazeti. Alivitoa, akavipanga sakafuni, moyo ukamchoma. Vilikuwa vichafu. Wino mweusi wa majaribio ulikuwa umekauka kwenye mifereji, mabaki ya gundi na karatasi yalining'inia pembeni, vumbi la miaka lilijaa kwenye mistari ya mawimbi. Kazi ya mdogo wake wa pekee, iende mbele za watu kama masufuria ya jana?

Dada Mkubwa alikuwa amefua mashuka ya hospitali miaka ishirini na mbili. Damu, matapishi, iodini, hakuna doa ambalo mikono yake haikuwahi kulishinda. Uani alijaza karai kubwa maji ya moto, akamimina sabuni ya unga, akavizamisha vibao vyote saba. Aliviacha vilowe wakati anafagia chumba. Kisha akavisugua kwa brashi, mfereji kwa mfereji, huku akiimba wimbo wa mazishi kwa sauti ya chini, machozi yakidondokea kwenye povu. Maji yalitoka meusi, yakatoka ya kijivu, yakatoka meupe. Aliviosha kwa maji safi mara tatu, kama inavyotakiwa. Halafu akaviegemeza kwenye bati la uani, vielekee jua la saa sita, vikauke upesi.

Jirani mmoja alipita akasema, "Dada, leo unafua hadi mbao!"

"Ni za mdogo wangu," alijibu, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne alihisi amemfanyia kitu.

Jioni alivikusanya. Vilikuwa vimetakata, vyeupe kama mkate. Alipokiweka kimoja mezani kikayumba kidogo. Alifikiri meza ndiyo mbovu, akakunja kipande cha gazeti akakisukumiza chini ya mguu wa meza. Kisha akavifunga vyote kwenye shuka jeupe la kwake mwenyewe, lililopigwa pasi.

Ijumaa, saa tatu asubuhi, alipanda ngazi za karakana. Alipofika kwenye ngazi ya tano kutoka juu alisimama, kwa sababu Roli alikuwa amemwambia ndipo Patasi alipoangukia. Akasema sala fupi, akaendelea.

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya mafuta ya taa na wino. Roli, mtu mrefu mwenye mgongo uliopinda kwa kuinamia meza, alimshika mikono miwili. Bosi alitoka ofisini kwake, akampa pole za maneno mengi, akasema, "Roli, mpigie dada moja. Ni haki ya familia. Vikitoka vizuri tutazungumza zaidi baadaye."

Dada Mkubwa alifungua shuka. Roli alichukua kibao cha kwanza, na kabla hajakitazama vizuri alikinusa.

"Dada. Umeviosha?"

"Nimeviosha. Vilikuwa vimejaa uchafu, ungeona."

"Kwa maji?"

"Ya moto. Na sabuni."

Roli alikilaza kibao juu ya meza ya chuma, meza ambayo haina mguu mbovu. Akagusa pembe moja kwa kidole, pembe ya pili ikainuka. Kok, kok. Alichukua cha pili. Cha tatu kilikuwa na ufa uliopita katikati ya bahari.

"Ukavianika juani," alisema, si kwa kuuliza.

"Kwani mnavisafishaje nyie?"

"Kitambaa na mafuta ya taa, dada. Tone tu. Maji hatuyasogezi hata kwa bahati mbaya. Patasi alikuwa hanywi chai karibu navyo."

"Mbona hakuniambia?" Sauti yake ilipanda. "Miaka tisa napeleka chakula, nakaa naye, kwa nini hakuniambia?"

Roli alikuwa mtu mpole, lakini naye alikuwa amefiwa. "Ungemuuliza lini, dada? Ulikuwa unamuuliza kuhusu Jumapili tu."

Bosi alijikuna shingo, akarudi ofisini.

Roli alijaribu kila alichojua. Alivibana vibao chini ya vyuma kwa saa nne, akaweka vipande vya karatasi nene chini ya pembe zilizoinuka, akaziba ule ufa kwa nta. Dada Mkubwa alikaa kwenye kigoda cha mdogo wake, akamtazama. Saa nane Roli alianza. Aliweka rangi ya mchanga kwanza, kisha mbingu, majani, bahari, kutu ya bati, kahawia ya njia. Cheusi kilikuja mwisho. Kila rangi ilipokaa alishusha pumzi kwa pua. Alipomaliza aliibandua karatasi taratibu, akampa bila kuitazama.

Bahari ilikuwa imepanda juu ya mchanga kwa upana wa kidole. Bati la nyumba lilielea pembeni mwa kuta zake, kama limepeperushwa. Mivinje ilikuwa na vivuli viwili viwili, na pale penye ufa kulikuwa na mstari mweupe uliokata ghuba nzima, kutoka ukingo hadi ukingo. Kisima hakikutambulika.

Rasi ilikuwa kulia.

Dada Mkubwa aliitazama rasi ile, ng'ombe anayecheua, mgongo wake, pembe yake, ilivyokuwa kila asubuhi ya utoto wao. "Nimemfulia," alisema. "Mungu wangu, nimemfulia."

"Turudie?" Roli aliuliza.

"Itakuwa nzuri zaidi?"

"Hapana, dada. Itazidi kuwa mbaya. Vinaendelea kupinda."

Bosi alitokeza tena, akatupia karatasi jicho. Alitikisa kichwa kwa huruma ya haraka. "Usijali, dada. Ile ya zamani ninayo kwenye fremu, na kioo chake. Nitaileta kesho kanisani. Watu waone alikuwa fundi wa namna gani."

Dada Mkubwa aliiviringisha karatasi yake.

Jumamosi ibada ilianza saa nne. Kanisa halikujaa. Walikuwepo watu wa karakana, wanne, Mama Pacha na wasichana wa zamu, majirani, shangazi mmoja aliyeletwa kwa kiti cha magurudumu. Jeneza lilikuwa mbele, na kando yake, juu ya kiti, bosi alikuwa ameegemeza ile picha ya zamani, kioo kikiwa kimepanguswa hadi kinang'aa. Mchungaji, ambaye hakumjua sana marehemu kwa sababu ya zile Jumapili, aliitaja mara tatu katika mahubiri. Alisema marehemu alipapenda kwao, na sasa amefika kwenye pwani ambayo haitaondolewa. Watu wakaitikia amina.

Kisha akaiita familia iseme neno. Familia ilikuwa Dada Mkubwa. Alisimama akiwa na karatasi iliyoviringishwa mkononi. Alikuwa ameandika shukrani kwenye kipande cha daftari, lakini hakukitoa.

"Hiyo picha si kwetu," alisema. "Hiyo aliikosea, na aliomba mbao airudie, akanyimwa. Jina lililoandikwa pale si lake. Mama yetu alikufa akijua ameikosea, na mimi nilimwaibisha kwa ajili hiyo mbele ya watu, wengine mpo hapa." Alikunjua karatasi, akaiinua kwa mikono miwili, kama anavyoinua shuka. "Ya kweli ni hii. Aliichonga miaka tisa. Ilikuwa sawa kila mstari. Hivi mnavyoiona imeharibika, nimeiharibu mimi, Jumatano, kwa maji na sabuni. Nilitaka mjue. Yeye hakukosea."

Shangazi alisema kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, "Rasi ile pale!" na mtu akamtuliza. Bosi alikuwa anatazama saa yake. Mchungaji alikohoa, akaomba wimbo.

Makaburini walikwenda watu kama thelathini. Jeneza lilibebwa na Roli, wenzake watatu wa karakana na majirani wawili. Mchungaji aliomba kwa ufupi kwa sababu jua lilikuwa kali. Jeneza lilishushwa kwa kamba, upande wa miguu ukatangulia kidogo, wakalinyoosha. Dada Mkubwa alitupa udongo mara ya kwanza, Roli mara ya pili, kisha vijana wa makaburini wakachukua majembe. Bosi aliondoka kabla hawajamaliza; fremu ilikuwa tayari kwenye gari. Mama Pacha alishika mkono wa Dada Mkubwa, mkono mwingine ulikuwa na ile karatasi. Msalaba wa mbao ulisimikwa, wenye jina lake kamili na miaka yake. Saa saba kasoro robo walimaliza, watu wakanawa mikono kwenye bomba la getini, wakaagana.